Shilingi Hamsini kwa Siku

Kisa hiki ni cha mfano. Kijana aliyemo hakupewa jina, kwa kuwa vijana wa namna yake wapo katika kila kituo cha boda boda, kuanzia Ntimaru na Kehancha hadi Migori na Homa Bay. Bei zilizotajwa kisani ni za mfano pia. Hesabu yake, hata hivyo, ni ya kweli, na mnunuzi yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu na kipande cha karatasi kabla hajatoa pesa yake.

Palikuwa na kijana wa boda boda Ntimaru, mji mdogo wa Kuria Mashariki nchini Kenya, ulio karibu na mpaka wa Tanzania. Pikipiki haikuwa yake. Kila jioni alimpelekea mwenyewe hesabu ya siku, na kilichobaki ndicho kilichokuwa chake. Mfukoni alikuwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe. Betri yake ilikaa siku tatu nne, tochi yake ilimfaa usiku, na wateja wote waliokuwa wakimpigia kutoka vijijini waliijua namba yake. Kilichomkera ni kukaa kituoni wenzake wakitazama video na kucheka, yeye akisimuliwa tu kilichochekesha.

Siku moja wakala wa simu za lipa pole pole alifika, akasimamisha mwavuli na kupanga simu mezani.

"Bosi wangu, hii unaichukua leo hii," alimwambia kijana. "Unatoa elfu mbili, halafu hamsini kwa siku. Hamsini tu! Hata chai na mandazi zinazidi hapo."

"Na nikikosa?"

"Utakosa aje hamsini na wewe uko na pikipiki?"

Kijana akacheka. Elfu mbili alikuwa nazo. Akatoa kitambulisho, akapigwa picha, akabofya "nakubali" mara kadhaa chini ya maandishi ambayo hakuyasoma. Mkataba ulikuwa wa siku 365. Wakala hakumtajia bei ya simu hiyo kwa pesa taslimu, wala yeye hakuiuliza. Kituoni siku hiyo alikuwa shujaa.

Jioni alipita kwa mjomba wake ili naye aione. Mjomba huyo alikuwa amelima tumbaku miaka mingi, kama wazee wengi wa Kuria. Aliigeuzageuza simu, akaisifu, kisha akauliza, "Mpwa wangu, umeinunua pesa ngapi?"

"Elfu mbili, mjomba, na hamsini kwa siku."

"Sijakuuliza unalipaje. Nimekuuliza ni pesa ngapi."

Kijana hakuwa na jibu. Mjomba akaingia ndani, akatoka na daftari kuukuu na kalamu. Hamsini mara siku 365 ni 18,250. Ongeza elfu mbili za mwanzo, ni 20,250. Kesho yake kijana alipokuwa Kegonga na abiria, alipita duka la simu na kuuliza bei ya simu ile ile. Aliambiwa 12,500, na kama ana pesa mkononi wangezungumza. Tofauti ilikuwa shilingi 7,750.

Aliporudi na habari hiyo, mjomba hakushangaa. "Sisi wa tumbaku tunalijua jambo hili," alisema. "Kampuni inakuletea mbegu, mbolea na dawa, na hutoi hata shilingi. Unaona umepewa. Siku ya kuuza majani, karatasi ya malipo ina safu ya makato, na ukifika chini kabisa unakuta kilichobaki hakitoshi karo ya mtoto. Bei ya mbolea hukuiuliza siku ulipoichukua, kwa sababu siku hiyo hukuwa unalipa."

Mzee alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kilimo cha tumbaku katika Kuria kimeendeshwa kwa mikataba ya namna hiyo kwa miongo mingi, na malipo hufika kwa mkupuo baada ya msimu mrefu wa kupanda, kuchuma na kukausha kwa kuni. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, kilimo na chakula, yaani WHO, FAO na WFP, pamoja na serikali ya Kenya, yalianzisha Migori mradi wa kuwasaidia wakulima kuiacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Miongoni mwa sababu zilizotajwa za kumtoa mkulima katika tumbaku ni madeni hayo ya pembejeo. Kijana wetu alikulia katika nyumba iliyoyajua makato, lakini yalipomjia yakiwa na kioo cha kung'aa hakuyatambua.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa mizuri. Hamsini zilikwenda kila asubuhi kupitia M-Pesa kabla hajanywa chai. Kisha ikaja mvua ya masika. Barabara za ndani zikawa tope, abiria wakakaa majumbani, na pikipiki ikapelekwa kwa fundi. Siku ya kwanza bila malipo simu ilimwonya. Baada ya hapo ilijifunga.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya deni la simu na deni la dukani. Mwenye duka humdai mtu kwa maneno. Simu ya mkopo hujidai yenyewe. Ndani yake huwekwa programu ya kufuli ambayo muuzaji huiendesha kutoka mbali. Malipo yakichelewa, kioo hubaki na ujumbe mmoja tu: lipa. Kufuli hilo hufungamanishwa na namba ya utambulisho wa simu, ile IMEI, kwa hiyo hata fundi akiiflashi, mara nyingi kufuli hurudi pindi simu inapopata intaneti.

Kwa kijana wa boda boda adhabu ilikuwa mara mbili. Laini yake ya kazi ilikuwa ndani ya simu iliyofungwa, na kabambe alikuwa amekwisha kuigawa. Wateja walipompigia hawakumpata, wakawapigia wengine. Kile ambacho kingemsaidia kupata hamsini ndicho kilichofungwa kwa sababu ya kukosa hamsini. Ili kuifungua alikopa kwa huduma ya mkopo wa simu kwenye laini ya mdogo wake, akalipa malimbikizo, na sasa akawa na madeni mawili, kila moja na riba yake.

Akaendelea hivyo, akifungiwa na kufunguliwa, hadi akawa amelipa siku 200. Elfu mbili za mwanzo na elfu kumi za siku hizo zilikuwa 12,000. Alibakiza shilingi 500 tu kufikia bei ya dukani, na bado alikuwa na siku 165 za kulipa. Wiki hiyo hiyo simu ilianguka kutoka kwenye pikipiki, kioo kikapasuka. Fundi wa Ntimaru hakuwa na kioo cha aina hiyo. Kilipatikana Migori, kwa zaidi ya robo ya bei ya simu mpya, mbali na nauli. Na hamsini ziliendelea kudaiwa, simu izime au iwake.

Alipochoka alifanya kosa la mwisho. Alilipa siku chache ili simu ifunguke, akaisafisha, akamuuzia mama mmoja mwenye kibanda sokoni kwa 5,000. Hakumwambia kwamba simu ina deni. Siku ya nne ilijifunga mikononi mwa mama yule. Shauri lilifika kwa mzee wa mtaa, na mzee hakuhitaji kusikiliza muda mrefu.

"Kijana, ulichouza hakikuwa chako," alimwambia. "Mrudishie mama pesa yake, na umwombe radhi mbele ya watu hawa."

Zile elfu tano zilikuwa zimekwisha kuliwa. Aliuza mbuzi kuzirudisha. Mwisho wa hesabu hakuwa na simu, hakuwa na mbuzi, na wateja wake walikuwa na namba ya mtu mwingine. Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Funzo la kisa hiki mtu anaweza kulichukua vibaya, akasema kwamba simu janja ni anasa na kijana angebaki na kabambe yake. Hilo silo. Simu janja siku hizi ni ofisi, ni darasa, na kwa wengi ni benki. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, hata mauzo ya ndizi sokoni yamehamia mkononi. Kijana hakukosea kuitaka simu. Alikosea kukubali kutajiwa bei kwa kipimo cha siku, kipimo ambacho humfanya mnunuzi alinganishe simu na chai badala ya kuilinganisha na simu nyingine.

Turudi kwenye daftari la mjomba. Kijana alikuwa na elfu mbili mkononi siku ile. Simu dukani ilikuwa 12,500, kwa hiyo alipungukiwa na 10,500. Kwa hamsini zile zile kwa siku, pengo hilo linazibwa kwa siku 210, yaani miezi saba. Mkataba wake ulikuwa wa siku 365. Siku 155 za mwisho, ambazo ndizo zile shilingi 7,750, hazikununua simu. Zilinunua haki ya kuibeba miezi saba mapema. Kila mtu na ajiulize kama kuitumia simu kwa miezi saba kunampa faida ya shilingi 7,750. Wapo ambao jibu lao ni ndiyo. Kijana huyu, ambaye wateja wake walimpata vizuri tu kwenye kabambe, hakuwa mmoja wao.

Watu wengi hujibu kwamba mtu hawezi kujiwekea hamsini kwa siku bila kuzigusa. Ni kweli kwamba pesa iliyo mfukoni ina mguu. Lakini yule yule asiyeweza kuweka hamsini aliweza kulipa hamsini siku 200, kwa sababu palikuwa na kufuli. Basi iliyohitaji kufungwa ni akiba yake. Ipo akaunti ya kufunga akiba ndani ya M-Shwari, huduma iliyoanza Novemba 2012, ambapo mtu huchagua mwenyewe kiasi na muda. Vipo vyama vya akiba na mikopo. Na vipo vyama vya akina mama, ambavyo huenda ndiyo benki ya zamani kuliko zote katika vijiji vyetu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima mtu ajue ni kibaba cha nani anachokijaza.

Shangazi wa kijana huyo aliifuata njia hiyo. Anauza mahindi na ndizi, na kila wiki huweka pesa katika chama. Zamu yake ilipofika alikwenda dukani na pesa kamili. Kwanza alikataa simu aliyoonyeshwa mwanzo. Alitaka ile iliyotoka mwaka uliotangulia, kwa kuwa mpya ikitoka ya zamani hushuka bei, na kwake yeye kamera ya ziada haikuwa na kazi. Pili alimuuliza fundi wa Ntimaru kabla ya kumuuliza mwenye duka: "Mwanangu, simu gani ukiharibikiwa unapata kioo chake na betri yake hapa hapa?" Simu ya bei nafuu ambayo kioo chake kinatafutwa hadi Nairobi si nafuu. Tatu alipatana bei. Pesa taslimu ina sauti. Alipunguziwa, akaongezewa kifuniko na kikinga kioo.

Mama huyu hakuwa hodari kwa bahati. Alikwisha kuungua. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 alinunua simu kwa bei ya kutupa, yenye laini mbili na jina lililokaribia kufanana na la kampuni kubwa. Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru simu bandia zote zizimwe katika mitandao usiku wa Septemba 30, 2012, na yake ikawa miongoni mwa zilizonyamaza. Miaka minne baadaye, Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ya Tanzania nayo ilizima simu bandia upande wake, na ndugu zake wa Tarime wakaonja kilichompata. Jamii ya Wakuria imekatwa na mpaka, lakini hasara ya vitu bandia ilivuka bila pasipoti.

Tangu hapo shangazi hanunui simu kabla ya kubonyeza *#06#. Hapo hapo IMEI hutokea kwenye kioo. Huilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Wakati ule tume ilitangaza pia namba 1555, ya kutumiwa IMEI kwa ujumbe mfupi ili mnunuzi aambiwe simu hiyo ni ya kampuni gani na ni ya aina gani. Kwa upande wa Tanzania namba iliyotangazwa ilikuwa 15090. IMEI ya kwenye kioo ikitofautiana na ya kwenye boksi, boksi hufungwa na mazungumzo hukoma.

Bandia za siku hizi zimepata ujanja zaidi. Zipo zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa ya kuhifadhi na ndani hamna kitu. Mtu akijaza picha chache, zinaanza kufutana. Njia rahisi ya kuzinasa ni kufungua Play Store, kuingia kwenye mipangilio, na kuangalia kama imeandikwa kwamba kifaa kimeidhinishwa. Simu ya Android inayouzwa kama mpya na haina idhini hiyo irudishwe mezani.

Iko sababu bei ya simu halali haishuki sana. Kodi ya VAT ya asilimia 16 ilirudishwa kwenye simu kwa sheria ya mwaka 2013, na mwaka 2022 simu zinazoagizwa kutoka nje ziliongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, na simu za mwanzo zilizotoka huko ziliuzwa kuanzia takriban shilingi 7,500. Hicho ni kipimo kizuri kwa mnunuzi mwenye pesa kidogo: kwa bei ya namna hiyo mtu aliweza kupata simu janja mpya ya 4G yenye waranti. Anayekuuzia "mpya" yenye sifa kubwa mara tatu kwa bei ya chini zaidi, kuna kitu amekiruka, na siku moja kitakudai wewe.

Watu wa Kuria wana kishawishi kimoja ambacho wa Nakuru hawana, nacho ni kuvuka Isebania kwenda Sirare kutafuta bei. Mahindi na maharagwe huvuka kwa utaratibu mwepesi wa biashara ndogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kuwa yamezalishwa ndani ya jumuiya. Simu iliyotengenezwa China haimo katika utaratibu huo. Ina ushuru wake. Tena ikizima baada ya wiki mbili, waranti yake iko ng'ambo ya mpaka kwa mtu ambaye huenda hamtaonana tena. Mwenye kufanya hesabu ya kuvuka aingize nauli, ushuru na safari ya kurudisha, ndipo alinganishe.

Simu iliyotumika inaweza kuokoa pesa nyingi, ikiwa mnunuzi ataondoa haya usoni. Aombe risiti ya kwanza na boksi. Amwambie muuzaji aondoe akaunti yake ya Google na kuirejesha simu katika hali ya kiwanda mbele yake, kisha yeye mwenyewe aiunganishe na intaneti na kuiwasha upya. Simu yenye kufuli la mkopo mara nyingi hujitaja hapo. Apige simu, apokee simu, achaji, apige picha, asikilize spika. Ajue jina la anayemuuzia na kuiona kadi yake ya kitambulisho. Kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Simu ya elfu mbili ambayo muuzaji wake ana haraka ya kuondoka ndiyo ghali kuliko zote sokoni.

Na mkopo wenyewe je, ni haramu kwa kila mtu? Hapana. Julai 2020 Safaricom na Google walipoleta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, masharti yalikuwa shilingi 1,000 za mwanzo na 20 kwa siku kwa miezi tisa. Ukizidisha siku 270 unapata 5,400, na jumla ni 6,400 hivi. Hiyo ni hesabu ambayo mtu angeweza kuitazama akaamua, maana jumla yake haikuwa mbali na bei ya simu ya hali ya chini. Mfanyabiashara ambaye simu itamletea oda kesho asubuhi, au mwanafunzi wa chuo ambaye masomo yake yako mtandaoni, anaweza kukopa kwa akili. Masharti ni kwamba mapato yanayoletwa na simu yenyewe yaweze kuilipa hata wiki ya mvua. Kwamba ameuliza nini hutokea akichelewa, na kama anaweza kumaliza mapema kwa punguzo. Na kwamba laini yake ya kazi haikai peke yake ndani ya kifaa kinachoweza kufungwa. Kabambe ya kijana, kama asingeigawa, ingemwokoa.

Sheria nayo imeanza kuwatazama wauzaji hawa. Desemba 2024 Kenya ilipitisha marekebisho yaliyopanua mamlaka ya Benki Kuu juu ya wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo wanaotoa bidhaa sasa na kulipwa baadaye. Hilo ni jema, lakini Benki Kuu haitasimama chini ya mwavuli wa wakala kumsomea mtu mkataba. Kusoma ni kazi ya anayetia saini, na kama maandishi ni madogo au ni ya lugha asiyoijua vizuri, ana haki ya kuondoka nayo akamtafute wa kumsomea. Bei ya kweli haiharibiki kwa kulala usiku mmoja.

Kabla ya kununua simu, basi, andika namba tatu kwenye karatasi. Ya kwanza ni bei ya simu hiyo kwa pesa taslimu, uliyoiulizia katika maduka mawili tofauti. Ya pili ni kiasi unachoweza kuweka kwa wiki bila kugusa chakula na karo, ili ujue utaifikia bei hiyo lini. Ya tatu, kama unakopeshwa, ni jumla ya kila kitu utakachokuwa umetoa hadi siku ya mwisho. Toa ya kwanza kutoka kwa ya tatu, uitazame tofauti na ujiulize ungeifanyia nini pesa hiyo. Na ukikutana na muuzaji anayejua ya siku lakini hataki kuitaja ya jumla, rudisha kitambulisho chako mfukoni.